Deki ya Safarini

Katika ukumbi mzima wa abiria palikuwa na soketi moja tu inayofanya kazi, nayo ilikuwa chini ya benchi la mwisho, karibu na dirisha la tiketi. Asubuhi ile ilikuwa na mwenyewe. Waya mweusi ulitoka ukutani, ukapita katikati ya miguu ya watu na mabegi yao, ukaishia kwenye deki ndogo ya DVD iliyofunguliwa kama kitabu juu ya mapaja ya mwanamume aliyevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi. Ovaroli yenye mstari wa pasi si kitu cha kuona kila siku, na dada aliyesimama mbele yake aliitazama mara mbili. Kisha akainama, akachomoa waya ule, akachomeka chaja ya simu yake.

Kioo cha deki kikawa cheusi.

Mwanamume akainua uso. Akaona gauni la kijani kibichi, mkoba wa ngozi uliobanwa kwapani, miwani yenye fremu nyekundu, na nyuma ya miwani hiyo macho yasiyo na dalili ya kuomba radhi.

"Dada, umezima pale pale mtu alipokuwa anataka kufungua mlango," akasema taratibu.

"Mlango utamsubiri. Mama yangu hasubiri. Nisipompigia kabla ya basi kuondoka, ataanza kuulizia hospitali."

Mwanamume alicheka, akasogea kumpa nafasi ya kukaa. Na kwa bahati, au kwa utundu wa mkata tiketi, wakakuta viti vyao ndani ya basi vimepakana.

Jamaa alikuwa fundi wa lifti. Kila baada ya wiki mbili kampuni yake ilimtuma mji wa pili, kukagua lifti za hospitali na za hoteli moja kubwa. Safari ilikula mchana kutwa, ndiyo maana akanunua ile deki, mtumba lakini nzima, yenye kioo kinachozunguka, betri aliyoiweka akiba kwa ajili ya njiani, na begi lenye mkanda wa kufungia nyuma ya kiti cha mbele. Alieleza yote hayo kwa fahari ya mtu anayesifia gari lake. Ubavuni deki ilikuwa na matundu mawili ya hedifoni. La pili, alisema, hakuwahi kulitumia safarini hata siku moja.

Dada naye alikuwa fundi wa miwani. Alisaga lenzi kwenye chumba cha nyuma cha duka la daktari wa macho, na mara moja moja alisafiri kwenda kumwona mama yake. Alipomaliza kusema hayo, alitoa hedifoni mkobani, akazichomeka kwenye lile tundu la pili bila kuombwa.

"Nianzishie mwanzo," akasema. "Mimi siingii hadithi ya watu katikati."

Ilikuwa tamthilia ya dada wawili waliogombania hoteli ya marehemu baba yao. Fundi wa lifti aligundua mapema kwamba jirani yake hakuwa mtu wa kutazama kimya. Aliwakaripia wale dada, aliwashauri, na kwa kuwa masikio yalikuwa yamezibwa, alifanya hivyo kwa sauti iliyofika kwa dereva. Abiria waligeuka. Fundi hakuona haya. Kufika katikati ya safari alikuwa anamtazama yeye zaidi kuliko kioo. Waliposhuka, kila mmoja alikuwa na namba ya mwenzake. Fundi wa lifti alimwandika dada "Miwani". Naye akamwandika "Lifti".

Baada ya hapo safari zao zikaanza kufuatana. Mama mtu, aliyezoea kumwona mwanawe kwa nadra, alishangaa kupendwa ghafla kiasi kile. Ndani ya basi, Lifti alifunga deki nyuma ya kiti, akaweka sweta lake chini yake ili CD isirukeruke kwenye mashimo, na Miwani akamenya machungwa na kumlisha kipande kimoja kimoja asije akachafua vitufe. Siku moja basi liliharibika njiani, kwenye jua kali lisiloruhusu kioo kuonekana. Lifti alivua koti, akalifunika juu ya deki na juu ya vichwa vyao wote wawili. Ndani ya kile kijihema cha koti kulikuwa na joto, harufu ya maganda ya machungwa, na dada mkubwa wa tamthilia akilia kwenye ngazi za hoteli. Hapo ndipo Lifti alipomshika mkono kwa mara ya kwanza, na Miwani, kwa mara ya kwanza, akanyamaza.

Siku wasizosafiri walipigiana simu.

"Lifti, uko ghorofa ya ngapi?"

"Ya chini kabisa, mpenzi. Nimekwama mpaka uje unibonyeze."

"Basi kaa humo humo. Fundi wa kukutoa yuko kazini."

Walikubaliana kwamba hakuna atakayeitazama tamthilia ile bila mwenzake. Miwani alionya kwamba akitanguliwa hata sehemu moja atajua, kwa sababu macho ya watu ndiyo kazi yake. Lifti aliapa huku akicheka.

Jioni moja, katikati ya maongezi, sauti ya mtoto ilisikika karibu kabisa na simu: "Baba, njoo basi." Miwani aliuliza ni nani. Lifti alijibu haraka kwamba ni mtoto wa jirani, amezoea kumwita hivyo. Alikuwa amekwisha kusema kwamba anaishi na dada yake, nyumba yenye majirani wengi, kwa hiyo Miwani hakuliwekea neno lile uzito.

Halafu kampuni ikampeleka Lifti upande mwingine kabisa wa nchi, wakati Miwani alikuwa na safari ya kwenda kwa mama. Alfajiri Lifti alipita stendi mbio mbio, akamwachia deki, akambusu shavuni. Alimwambia arudie zile sehemu walizokwisha kuzitazama, asije akachoshwa na njia.

Basi lilipotoka mjini Miwani aliifungua. Deki ile ilikuwa na tabia ya kukumbuka iliposimama, na ilipowaka ilimwonyesha hoteli imeuzwa, dada mdogo amevaa nguo nyeusi, na watu asiowajua wakilia. Akabonyeza kutazama namba. Wao wawili walikuwa wamefika sehemu ya kumi na moja. Hii ilikuwa ya kumi na nane. Akapapasa mfuko wa pembeni wa begi kutafuta hedifoni zake za akiba, mkono ukatoka na hedifoni nyingine, ndogo, za rangi ya waridi.

Alimpigia hapo hapo.

"Umetazama na nani?"

Upande wa pili palikuwa na kelele za nyundo, kisha mlango ukafungwa na kelele zikapungua.

"Miwani, tutaongea nikirudi."

"Hizi hedifoni za waridi ni za nani?"

Miwani aliziinua juu kana kwamba Lifti angeweza kuziona.

"Za mtoto," Lifti akasema.

"Mtoto gani?"

"Wangu. Ana miaka tisa."

"Ndiye yule wa jirani?"

Miwani alikata simu, akaifunga deki, akaikumbatia njia nzima bila kuiwasha tena.

Lifti alijaribu kujieleza kwa ujumbe mmoja mrefu. Mama wa mtoto aliondoka wakati binti akiwa bado anatambaa, akaolewa kwingine. Wanawake wawili aliowapenda baadaye walimkimbia waliposikia habari za mtoto, na safari hii aliogopa. Alitaka kwanza apendwe, ndipo aseme. Jioni alizokuwa nyumbani binti alidai tamthilia, naye hakuweza kumnyima. Miwani aliusoma ujumbe huo hadi mwisho. Alichoandika kujibu kilikuwa kifupi: "Kuwa na mtoto si kosa. Alikuwa anakuita, na wewe ukaniambia ni wa jirani."

Kulikuwa na jambo ambalo Lifti hakulijua. Miwani alipokuwa mdogo, kila mara wageni wa kiume walipokuja, mama yake alimtambulisha kwa maneno mawili: "Mdogo wangu." Na yeye alifundishwa kumwita mama yake "dada" mpaka wageni waondoke. Alijifunza kusikia hodi na kubadilisha ulimi. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote jinsi ilivyouma.

Safari hii alimwambia mama mwenyewe. Alimkuta uani anaanua nguo, akamsimulia habari za Lifti na za mtoto, na alipofika kwenye "mtoto wa jirani" akaishia hapo. Mama alielewa bila kuongezewa. Alikunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena.

"Nilikuwa msichana, nina mtoto, sina mtu," akasema mwishowe. "Niliogopa. Haikuwa kwamba sikupendi. Kila nilipokuita mdogo wangu nilijisikia vibaya, na kesho yake nikarudia."

"Mbona hukuacha?"

"Hakuna aliyenikasirikia. Wewe ulinyamaza tu." Mama akamtazama usoni. "Huyo wako angalau umemkasirikia. Sasa uangalie atafanya nini."

Miwani alirudi kazini na siku zikapita. Alisaga lenzi, alizifuta, alizitazama kwenye mwanga, na deki ikakaa juu ya rafu pamoja na fremu zilizovunjika. Kisha ukaja ujumbe: Lifti angepita Jumamosi kuchukua deki yake. Miwani akajibu "Sawa," akachukia jinsi moyo wake ulivyoruka.

Jumamosi duka lilijaa. Lifti aliingia amevaa shati jeupe aliloruka kifungo kimoja, amemshika mkono binti mwembamba mwenye nywele zilizosukwa na viatu vya shule vinavyong'aa, ambaye alikuwa anaongea tangu nje na hakuacha alipovuka mlango. Nyumbani walimwita Chiriku, na haikuhitaji kuuliza sababu.

Lifti alimwamkia daktari wa macho, kisha akasema kwa sauti ambayo kila mteja aliisikia, "Huyu ni binti yangu. Tumekuja kumwona dada anayesaga lenzi."

Miwani alitoka chumba cha nyuma, aproni yake imejaa vumbi jeupe.

"Nilimkana mwanangu mbele yako," Lifti akamwambia. "Nimemwomba radhi yeye kwanza. Sasa nimekuja kukuomba wewe."

"Mimi nilimsamehe palepale," Chiriku akaingilia. "Ila alilia kidogo."

Mteja mmoja alijifanya anakohoa. Miwani alipiga magoti mbele ya mtoto, akamrudishia zile hedifoni za waridi, akamuuliza kama ni yeye aliyeitazama tamthilia ya watu mpaka mwisho. Chiriku akakiri kwa furaha, akaanza kueleza nani aliuza hoteli. Miwani akaziba masikio.

"Usiniambie. Mimi niko sehemu ya kumi na moja."

"Basi turudi huko, Anti. Mimi sichoki kurudia."

Miwani akainua macho kumtazama Lifti, akamwambia kifungo chake hakiko mahali pake. Alikifungua na kukifunga upya yeye mwenyewe, polepole, na Lifti akajua amesamehewa, ingawa hakupewa neno lenyewe siku ile.

Shule zilipofungwa walipanda basi wote watatu. Chiriku alikaa katikati na kusimulia kila tukio sekunde chache kabla halijatokea, Miwani akawa anamfinya, Lifti akawa anamenya machungwa. Walipofika, mama yake Miwani alimtazama mtoto kwa muda, akamvuta kifuani, akamuuliza jina lake la nyumbani na la shuleni, na kama anapenda chai yenye maziwa mengi. Haikupita saa moja Chiriku alikuwa ameiweka deki juu ya meza ya sebuleni, amempachika bibi hedifoni sikioni, anamweleza kwa nini asimwamini dada mkubwa.

Jikoni, Miwani aliosha vyombo na Lifti akavifuta. Alifuta sahani moja hiyo hiyo kwa muda mrefu sana.

"Itatoboka," Miwani akamwambia.

Lifti akaiweka chini. "Nataka nikuoe," akasema.

Miwani hakugeuka. Mabega yake yalitulia ndani ya gauni lake la maua, na maji yakaendelea kutiririka juu ya vikombe visivyo na povu tena.

"Umemuuliza Chiriku, mwenye nyumba yako?"

"Ndiye aliyenituma. Alisema nikichelewa atakuja kukuuliza yeye."

Miwani akafunga bomba. Alicheka bila sauti, akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la gauni ingawa haikuwa na doa, akaivaa tena ili amwone vizuri.

"Basi mwambie nimekubali," akasema. Kisha akamshika mkono Lifti, aliyekuwa ameshaanza kuelekea mlangoni. "Hapana. Ngoja. Nitamwambia mwenyewe."

Akakausha mikono, akaenda sebuleni.