Kamba ya Kuwashia

Haya yalimpata jirani yangu Twaha, hapa Shume, na hasira hazijamtoka.

Wakati wa vita vya pili, boti ya injini ya babu yake ilichukuliwa na serikali kule Tanga ikalinde pwani. Haikurudi. Babu aliitoa bila kamba ya kuwashia injini, kwa makusudi. "Watafute yao," alisema, na kamba ikaning'inia jikoni kwao miaka yote.

Juzi Twaha aliipeleka ofisi ya wilaya kama ushahidi, akidai fidia ya boti. Karani akacheka.

"Mzee, boti gani huku milimani? Hii ni ya kufungia mbuzi."

Akairusha dirishani, ikaangukia korongoni.

Twaha alirudi kwa miguu ndani ya ukungu, akilaani. Huko chini korongoni, ambako hata baiskeli haipiti, injini ikaanza kunguruma taratibu. Akisimama, inasimama. Akitembea, inamfuata, mpaka mlangoni kwake.

Mkewe, Zakia, alimpokea kwa ukali.

"Kamba umeirudisha saa ngapi? Imeulowesha unga wote."

Ilikuwa jikoni, msumarini pake, ikichuruzika. Twaha akagusa tone, akalionja.

Chumvi.