Usizime, Inafikiri

Ndugu wasomaji, kaeni vizuri, na mwenye kompyuta mpya asijitape. Habari hii inahusu kompyuta kongwe, mtu aliyezipenda, na mtu aliyezidiwa nazo.

Asubuhi za nyumba ile zilikuwa za amani. Jua liliingia kwa dirisha kubwa la chumba cha mbele, feni za mashine zilinguruma kama paka walioshiba, na katikati ya mashine hizo aliketi mwanamume ambaye mtaa mzima ulimwita Mfufuaji. Alikuwa akisugua meno ya kadi ya kumbukumbu kwa kifutio cha penseli, taratibu, kama anayempangusa mtoto mchanga pua.

Ofisi zilipotupa kompyuta zao za zamani, zile zenye vioo vyenye kisogo, yeye alizibeba nyumbani na kuzitia mfumo huria. Mfumo huo ni programu kuu ya kuendesha kompyuta, inayoandikwa na watu wa kujitolea na kugawiwa bure. Raha yake ilikuwa kuchukua toleo jipya kabisa na kuliingiza katika mashine iliyokwisha kuzikwa na kusahauliwa. Mashine ilijikongoja, ikahema, ikatoa mstari mmoja wa maandishi, ikapumzika. Juu yake alibandika kikaratasi: USIZIME. INAFIKIRI.

"Mfufuaji," kinyozi wa jirani alimuuliza akichungulia dirishani, "hiyo inawaka au inakata roho?"

"Haijakwama, bwana. Inafikiri. Subira huvuta heri."

"Basi ikimaliza kufikiri niite, nije na wajukuu zangu."

"Huna hata mtoto wewe!"

"Ndiyo maana sina haraka."

Akipenda, chongo huita kengeza. Mpaka hapo hakuna dhambi, na kama hadithi ingeishia hapa tungecheka tukaenda zetu. Lakini nyumba ile ilikuwa na mtu wa pili.

Mama yake Mfufuaji alikuwa mpiga chapa ofisini enzi zake. Vidole vilikimbia, ulimi ukavishinda. Kisha kiharusi kikaja, kikamlegeza mguu na mkono, kikauacha ulimi ukitambaa. Akili ilibaki nzima. Maneno tu ndiyo yaliyotoka moja moja, kila moja likivuta pumzi kabla ya kumwita mwenzake.

Chumba cha mbele awali kilikuwa chake.

"Mama, mashine haziwezi unyevu," Mfufuaji alimwambia. "Tukuhamishie chumba cha nyuma."

Mama alianza kujibu. Alipofika neno la pili, kitanda kilikuwa kimeshafika chumba cha nyuma. Kwamba mashine haziwezi unyevu, Mfufuaji alijua. Ni nani basi anayeuweza, hakujiuliza.

Mvua zikaanza. Mfufuaji naye alikuwa ameanza kuijenga upya programu ya mfumo ndani ya mashine iliyo kongwe kuliko zote, kazi ya siku nyingi kwa mashine ya umri ule. Alimpelekea Mama chakula mbiombio, sikio moja likibaki kwenye feni.

"Maji..." Mama alisema.

"Maji! Haya, nakuletea." Akaleta kikombe.

Mama akatikisa kichwa. "Maji... ya..."

"Ya moto? Si ungesema!" Akaleta kikombe kingine. Mama alinyoosha mkongojo kuelekea ukutani, lakini mwanawe alikuwa ameshageuka.

Msomaji, usicheke. Na kama umecheka, cheka kwa adabu.

Ikawa hivyo siku baada ya siku: Mama neno, mwana kikombe. Mama alipoanza kukohoa, Mfufuaji alimwambia, "Kikohozi cha mvua hicho, kitapita," akaurudishia mlango ili akili yake itulie kwenye mashine.

Siku mashine ilipoamka, Mfufuaji aliruka juu. Kiooni kulikuwa na neno la kumkaribisha na alama ndogo ikimkonyeza. Kinyozi aliitwa, akapiga makofi. Hapo ndipo dada mkubwa wa Mfufuaji alipoingia. Alikuwa fundi wa nguo, amerudi kutoka mji mwingine alikokwenda kushona sare za shule.

"Mama yuko wapi?"

"Yuko ndani. Dada, njoo kwanza uone, imewaka!"

Dada alipita kana kwamba hakuona kitu. Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka. Kisha: "Wewe! Njoo hapa!"

Mfufuaji alimkuta ameinua godoro. Upande wa ukutani ulikuwa mweusi kwa ukungu, unadondosha matone. Maji ya paa yalikuwa yakiteremka ukutani na kuingia humo tangu mvua ya kwanza. Mama alijikunja ukingoni, anatetemeka, kifua kinakoroma. Sakafuni vilipangwa vikombe, vyote vimejaa pomoni.

"Vikombe hivi ni vya nini?"

"Alikuwa anaomba maji kila siku."

"Anaomba kila siku, na hajanywa hata kimoja?"

"Hakumalizia kusema, dada."

"Hakumalizia, au hukumsubiri? Na lile dude la mbele, limekula siku ngapi zako?"

Mfufuaji aliinama kuokota vikombe. Kinyozi alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa walikosea kidogo: aliyeumia ni mkuu mwenyewe. Ilikuwa nimonia. Mama aliponea chupuchupu.

Hospitalini Mfufuaji alivuta kiti karibu. "Sema, Mama. Leo nasubiri."

"Nyumbani..." Mama alianza, akanyamaza. Mfufuaji akasubiri. Mama naye akasubiri, macho kwenye mikono ya mwanawe. Alikuwa anangoja akatizwe.

"Endelea, Mama. Niko hapa."

Mama akafumba mdomo.

Sasa anaishi kwa binti yake. Huko, wanasema, anazungumza, hata mzaha anatia, na dada hushona huku akingojea neno lifuate. Mfufuaji akienda kumwona hupata neno moja, kisha ukuta. Siku moja alikibandua kile kikaratasi, akakipeleka ili kibandikwe juu ya kiti cha Mama. Dada alikisoma, akamrudishia.

"Mama si mashine," alisema. "Kibandike mdomoni mwako."

FUNZO

Mzee anayesema polepole hajakwama. Subira unayoipa chuma ukamnyima mzazi si subira, ni mchezo. Mwache amalize sentensi yake, hata chai ikipoa. Kompyuta iliyokufa huwashwa tena, na mfumo mpya hupatikana bure. Mtu aliyejifunza kunyamaza hana toleo jipya.

Na wewe uliyeruka mistari ili ufike hapa upesi, rudi mwanzo. Wewe ndiye tuliyekuwa tukikusema.