Vichupa Vilivyohamishwa Alhamisi

Profesa alikuwa amelala kifudifudi kwenye chumba cha mitungi, kitasa cha mlango kimeng'oka mkononi mwake. Hapakuwa na damu wala jeraha. Midomo tu ndiyo ilikuwa ya bluu.

"Naitrojeni ya kugandishia," alisema daktari wa maiti akivua glavu. "Mtungi ukimwagika chumba kikiwa kimefungwa, hewa ya kuvuta inakwisha. Alikufa jana, Ijumaa."

Inspekta aliinama. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na miaka kumi na mitano ya kazi haikuwa imemzoesha maiti. King'ora cha kuonya hewa ikipungua kilikuwa ukutani, waya wake umechomolewa. Skrubu za kitasa zilikuwa zimelegezwa.

"Ajali, afande?" aliuliza koplo.

"Ajali haina bisibisi."

Kwenye korido, mkurugenzi wa taasisi alikuwa akifuta macho. "Makala mia mbili na kumi na moja! Yamenukuliwa mara elfu arobaini. Hakuna mtafiti wa saratani ya matiti asiyemsoma."

"Alikuwa na maadui?"

"Wivu tu. Mti wenye matunda ndio upigwao mawe."

Inspekta alirudi chumbani. Mtungi mkubwa ulikuwa mkavu. Alimwita fundi wa maabara, mama wa makamo ambaye wote pale walimwita Mlezi. Miaka ishirini na miwili alikuwa amezilea seli za Profesa, akija kuzilisha hata sikukuu.

"Humu mlikuwa na nini, mama?"

"Vichupa vya seli zilizogandishwa."

"Vimeharibika vingapi?"

"Hakuna. Vilihamishiwa mtungi wa chumba cha pili. Alhamisi."

Daftari la mitungi lililetwa. Vichupa mia tatu na sita, kila kimoja na namba yake na saa kilipohamishwa. Chini, sahihi.

"Muuaji gani huyu?" koplo alinong'ona. "Binadamu kamwacha afe, vichupa kaviokoa!"

"Mazoea, koplo. Mwenye kulea haachi kitu kiyeyuke. Na aliyezoea kusaini husaini tu."

Kituoni, Inspekta aliweka daftari mezani.

"Sahihi hii ni yako?"

"Yangu, mwanangu."

"Ulijua mtungi utamwagika."

"Niliufungua mwenyewe."

"Kwa nini?"

Mlezi alitazama viganja vyake. "Mdogo wangu alikuwa na uvimbe kwenye titi, mdogo tu, wa kukatwa. Mimi ndiye niliyemzuia. Nikamwambia aingie kwenye majaribio ya dawa iliyotokana na makala ya Profesa, ile iliyompa jina. 'Hiyo ni kazi ya mikono yangu,' nikamwambia, 'iamini.' Akaamini."

"Haikumsaidia?"

"Alipozidiwa, nikazipima upya zile seli. Makala inasema ni za titi. Ni za ini; dawa ile haikuwahi kujaribiwa kwa seli za titi. Zilichanganyika zamani, pipeti moja, ule mrija wa kunyonyea, kwenye chupa mbili. Labda ni mkono wangu huu huu."

Inspekta aliacha kuandika.

"Tulimzika. Nikampelekea Profesa barua ya kuliomba jarida liifute ile makala, asaini tu. Akacheka. 'Dada, watu wamejenga mji mzima juu yake, unataka niubomoe?' Jumatano nikapiga magoti. Mwezi ujao wagonjwa wapya sitini wanaanza dawa ile ile. Akaniambia nikalishe seli zangu."

Machozi yalimtoka kimyakimya. "Sasa hayupo wa kuzuia; itafutwa, si ndiyo?"

Inspekta alitoka nje kumpigia mkurugenzi simu.

"Kufuta?" mkurugenzi alishangaa. "Mwandishi ndiye huomba, na mwandishi tunamzika kesho."

"Fundi wake alizipima seli upya."

"Kipimo cha muuaji? Jarida gani litakisoma? Tena wanaandaa toleo la kumkumbuka. Atanukuliwa kuliko alipokuwa hai."

"Na hao wagonjwa sitini?"

"Wameshakubali kwa maandishi, Inspekta. Wana matumaini makubwa. Usiwavunje moyo."

Inspekta alirudi ndani, akaketi. Mlezi alimsoma usoni.

"Hawaifuti."

"Hawaifuti, mama. Wanasema mpaka mwenyewe aombe."

Koplo alikuja na pingu. Mlezi akanyoosha mikono, taratibu, kama anayepokea kitu chepesi kinachovunjika.

"Basi," alisema, "nimemuua mtu pekee aliyeweza kusaini."