Lita Nane na Nusu

Sekunde arobaini zilitosha. Nyemo Chilewa aliingiza sahani mbili na sufuria ndani ya Kabati-Safi, akafunga mlango wa kioo, na kazi ikaanza mbele ya macho yake. Ukungu wa kijivu ulishuka kutoka juu ya kabati ukavifunika vyombo vyote. Haukuwa moshi wala vumbi. Zilikuwa chembelafi, mamilioni ya mashine ndogo kuliko chembe ya unga, kila moja na uchu wake. Zilikula mafuta, zikala mchuzi ulioganda ukingoni, zikala na ukoko wa ugali ulioshika chini ya sufuria. Kisha sauti isiyosikika kwa sikio la binadamu ikaziita, zikarudi ghalani mwao, na vyombo vikabaki vyeupe, vikavu, vyenye uvuguvugu kidogo. Hata tone moja la maji halikutumika.

Huo ulikuwa mwaka 2094, na jiji la Dodoma lilikuwa na watu milioni sita wanaokunywa maji ya bomba moja refu kutoka ziwani. Visima vilikuwa vimekauka zamani. Sheria ya Maji ilikataza kuosha vyombo kwa mkono nyumbani, na nyumba mpya zilijengwa bila sinki jikoni. Kabati-Safi ndilo lililoliokoa jiji, na Nyemo alikuwa mmoja wa wahandisi sita waliolibuni. Alipostaafu walimpa nishani. Aliitundika sebuleni, na hakuona haya kumwonyesha mgeni.

Lakini chembelafi zilikuwa na hulka moja. Zilifundishwa kutambua kitu kimoja tu, nao ni rangi nyeupe ya vyombo vya kiwango. Kila kisichokuwa na rangi hiyo, kwao kilikuwa uchafu. Udongo, mti, bati, vyote vililiwa vikaisha. Ndiyo maana katika miaka ishirini, kila nyumba ya Dodoma ilikuwa ikila chakula kwenye sahani zilezile.

Nyemo hakuwahi kulifikiria sana jambo hilo mpaka mama yake alipofariki kule Mpwapwa. Baada ya matanga aliletewa sanduku. Ndani yake mlikuwa na sahani nane za bati, zile za zamani zenye maua mekundu katikati na mstari wa buluu pembeni. Nyingine zilikuwa zimebanduka rangi ukingoni. Mama yake hakuwahi kumpakulia mgeni chakula katika sahani nyingine. Nyemo alipakua wali katika mojawapo, akala polepole, akamaliza. Kisha akabaki ameishika, hajui aipeleke wapi.

"Mama Nyemo," ilisema sauti ya Mshauri, akili iliyoiendesha nyumba yake, "chombo hicho hakitambuliki. Nikipeleke kwenye kisagio?"

"Usikiguse!" alisema Nyemo, kwa ukali uliomshangaza mwenyewe.

Wiki hiyohiyo alipita mtaani Kizota, akakuta roboti-bomozi zikiibomoa nyumba ya wageni ya zamani. Moja ilikuwa ikiburuta sanduku la chuma, lenye mlango unaofungukia chini.

"Hicho ni nini?" aliuliza.

"Mashine ya kuoshea vyombo ya mwaka 2019," roboti ilijibu. "Inakwenda kusagwa."

"Haiendi popote. Naichukua."

Aliinunua kama chuma chakavu na kuisafirisha hadi nyumbani kwa toroli-tembezi. Jirani yake Siwema Kidawa, muuguzi mstaafu aliyeishi mlango wa pili, alitoka kuona kishindo ni cha nini. Walikuwa marafiki wa miaka kumi, wa kunywa chai pamoja kila jioni na kulindiana funguo.

"Dada Nyemo, umeleta jeneza?"

"Mashine. Inaosha vyombo kwa maji."

"Kwa maji! Watakufunga."

"Hawanifungi. Nimeisoma sheria yote. Kifungu cha kumi na nne kinaruhusu mashine ya kuoshea vyombo, mradi isizidi lita tisa kwa mwosho mmoja na maji yarudi kwenye bomba la usafishaji. Hakuna aliyekifuta kile kifungu. Wamekisahau tu."

"Na hiyo yako inatumia lita ngapi?"

Nyemo aliitazama mashine. Nyuma palikuwa na kutu, mipira ya mlango ilikuwa imekauka na kupasukapasuka, na panya walikuwa wameishi ndani kwa vizazi kadhaa. "Kwanza iwake," alisema.

Hapo ndipo alipojifunza jambo la aibu. Maisha yake yote alichora mashine kwenye vioo vya nuru. Roboti ndizo zilizoziunda, na zikiharibika zilijitengeneza zenyewe. Mhandisi Nyemo Chilewa, mwenye nishani, hakuwahi kufungua nati kwa mkono wake. Siku ya kwanza alizungusha spana upande usio wake kwa nusu saa nzima, ikamteleza, akachanika kiganja. Siwema alimfunga bandeji huku akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Hakuacha. Bisibisi na spana alizipata kwa mkusanya vitu vya kale. Alifungua mashine kipande kwa kipande, akavipanga juu ya shuka sebuleni kwa mpangilio uleule aliovitolea. Pampu ilikuwa imekwama. Aliilowesha mafuta siku tatu mpaka ikakubali kuzunguka. Chuma cha kupashia maji kilikuwa kimevaa koti nene la chokaa, kwa sababu maji ya Dodoma ya enzi zile yalikuwa ya chumvi. Alikichemsha kwa siki na ndimu, chokaa ikabanduka vipandevipande kama maganda ya yai. Mikono miwili ya kurushia maji, ambayo huzunguka juu na chini ya vyombo kama pangaboi, aliizibua tundu kwa tundu kwa sindano. Mipira ya mlango aliikata kutoka kwenye tairi kuukuu.

Mashine ilipowaka mara ya kwanza, Nyemo alipiga kelele za furaha. Dakika kumi baadaye maji yalikuwa yamefika sebuleni.

"Lita ishirini na tatu zimetumika," Mshauri ilitangaza. "Mgao wako umesitishwa kwa siku mbili."

Siku hizo mbili alikunywa maji ya Siwema. Kila asubuhi jirani huyo aligonga mlango na jagi mkononi, hakuuliza kitu, akaketi kwenye kiti akamtazama mwenzake akiwa amelala chali chini ya mashine. Ni yeye aliyemshikia taa siku Nyemo alipogundua kwamba boya, kile kidude chepesi kinachoelea na kuiambia mashine kwamba maji yametosha, lilikuwa limetoboka na kujaa maji. Halikuweza kuelea, hivyo mashine haikujua kushiba. Nyemo aliliziba, akalishusha kidogo, akapunguza suuza moja. Akajaribu. Kumi na mbili. Akarekebisha. Kumi. Mara ya thelathini na moja kipimo kilisimama chini ya tisa, na sakafu ilikuwa kavu kabisa.

Mkaguzi wa maji, Yaredi Malugu, alikuja Jumanne saa nne asubuhi na chupa zake za vipimo. Alikuwa hajawahi kuona maombi ya kifungu cha kumi na nne, na alikisoma mara mbili palepale mlangoni.

"Mama, unajua nikikuta imezidi, lazima niichukue ikasagwe?"

"Najua, mwanangu. Karibu ndani."

Nyemo hakumpa kazi nyepesi. Aliweka sahani zote nane za mama yake, zimelowa mafuta ya pilau, na sufuria ya ugali yenye ukoko. Alifunga mlango, akabonyeza. Maji yalianza kupiga chuma kwa ndani, sauti ya mvua kwenye paa la bati, sauti ambayo mkaguzi yule kijana pengine hakuwahi kuisikia. Walikaa saa nzima na nusu. Mwishowe mashine ilinyamaza, Nyemo akafungua, mvuke ukamjaa usoni. Malugu alichukua sahani moja, akaipitishia kidole, akaigeuza, akayatazama maua yake kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyomtaka. Kisha akasoma chupa.

"Lita nane na nusu," alisema. Akaandika, akatoa kibati chenye namba. Ilikuwa namba moja. "Hongera, mama. Ruksa kutumika kila siku."

Siwema alipiga vigelegele mpaka majirani wa ghorofa ya juu wakashuka. Nyemo alikiweka kibati kile juu ya mashine, akaiondoa nishani ukutani akaitia kwenye kabati la nguo. Kibati alikipata kwa mikono yake, na mikono ilikuwa na makovu ya kuthibitisha.

Habari zilienea. Ikajulikana kwamba jiji zima lilikuwa limeficha vyombo. Watu walikuja na mabakuli ya miti yaliyolala miaka ishirini chini ya vitanda, vikombe vya harusi vilivyofungwa ndani ya kanga, vyungu vya bibi zao. Walitaka kuviosha, na zaidi walitaka mashine za kwao. Nyemo aliandikisha majina, akazunguka kwenye magofu na maghala ya chuma kununua mashine chakavu, akazifufua moja baada ya nyingine. Kila moja ilipowaka, alitembea kama amerefuka.

Siku moja wakinywa chai alimgeukia Siwema. "Jiji zima limeniletea vyombo isipokuwa wewe. Huna hata kimoja?"

Siwema alikoroga chai ambayo ilishakorogwa. "Nilikuwa nacho. Kikombe. Binti yangu Tunu alikifinyanga shuleni, ana miaka sita. Kimepinda, hakikai sawa mezani. Alama za vidole vyake zilikuwa pale pembeni. Mwaka uliofuata homa ikamchukua." Alisukuma kijiko pembeni. "Kabati lilipoletwa, nilikiweka humo pamoja na vyombo vingine. Hakuna aliyeniambia. Nilipofungua, palikuwa na unga mwekundu kiasi cha kijiko."

"Siwema..."

"Niliwaandikia wenye kiwanda. Sikutaka fidia. Nilitaka wanirudishie ule unga, maana kabati liliufyonza kabla sijaukusanya. Walijibu mistari miwili. Naikumbuka yote. 'Chombo kisicho cha kiwango huhesabiwa kuwa uchafu. Idara inashauri ununue seti mpya.'"

Nyemo aliweka kikombe chini. Aliyajua maneno hayo. Aliyatunga yeye, asubuhi moja ofisini, alipoletewa malalamiko mia tatu na arobaini. Alitaka kuyamaliza kabla ya kikao. Siwema alijua kwamba rafiki yake alifanya kazi kiwandani. Hakujua kwamba ndiye aliyekuwa mkuu wa Idara ya Viwango.

Angeweza kunyamaza. Hakuna karatasi iliyobaki wala shahidi. Alimtazama mwanamke aliyemfunga bandeji na kumletea maji, akaona kwamba hawezi.

"Barua ile niliiandika mimi," alisema. "Na hizo chembe, ni mimi niliyeamua zitambue rangi moja tu. Tungeweza kuzifundisha zaidi. Ingechukua mwaka mmoja. Nilisema hakuna haja."

Siwema hakupaza sauti. Alisimama, akapangusa macho yake kwa ncha ya kanga, akatoka. Siku tatu mlango wake haukufunguliwa. Nyemo aliendelea na kazi, lakini alisahau hata kujisifu.

Siku ya nne asubuhi kengele ililia. Siwema alikuwa mlangoni, na nyuma yake toroli-tembezi limebeba mashine iliyojaa kutu, mlango umepinda.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Hilo bado."

"Nimeelewa."

"Nimekuja kujifunza. Una watu mia moja na sitini kwenye orodha na mikono yako ni miwili. Wengine ni wazee kuliko sisi. Hawatakiwi kusubiri."

Nyemo akasogea pembeni, mashine ikaingia.

Walifanya kazi wiki tano bila maneno mengi. Nipe spana. Shika hapa. Zungusha kushoto. Siwema alikuwa na vidole vya muuguzi, vilivyozoea kutafuta mshipa wa mtoto gizani mwa ngozi. Aliweza kuhisi mpasuko wa mpira ambao Nyemo hakuuona kwa kioo cha kukuzia. Kulikuwa na mahali kwenye vali, kile kifungio cha njia ya maji, ambapo maji yalivuja kidogo kidogo katika kila mashine, na Nyemo alikuwa amekubali kwamba ndivyo zilivyo. Siwema hakukubali. Alikaa na vali moja siku mbili, akasugua mahali inapokaa kwa mchanga laini mpaka ikafunga kabisa.

Malugu alikuja kuipima mashine ya Siwema. Alisoma chupa, akaiinua kwenye mwanga, akasoma tena.

"Lita saba na robo. Sijawahi kuandika namba hii." Akachukua kalamu. "Jina la fundi?"

Alimtazama Nyemo kwa mazoea. Nyemo aliweka mikono nyuma, moyo umemjaa kuliko siku aliyopewa kibati chake mwenyewe.

"Siwema Kidawa," Siwema alisema, kidevu juu. "Andika vizuri. Kidawa, si Kidaya."

Mkaguzi akaandika, akampa kibati, akaaga. Siwema alikipangusa kwa kanga, akakigongomelea juu ya mlango wa mashine kwa mapigo manne. Alirudi nyuma hatua moja kuona kama kimenyooka. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya chai, alimgeukia Nyemo bila kuwa na kifaa cha kuomba.

"Umekula?"

"Bado," alisema Nyemo.

"Nawa mikono, twende kwangu."