Mkono wa Kushoto wa Vidole

Vibonye vya chini vya piano vilikuwa na joto, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Mpiga besi aliondoa mkono haraka, akautazama mlango wa chumba cha mazoezi alioufungua mwenyewe dakika moja iliyopita. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mfukoni mwake tangu walipomzika Vidole, mpiga piano wao, wiki tatu nyuma.

Hakuwaza jini hata kidogo. Alimwaza mpiga saksafoni, mtu wa maneno mengi, aliyeimezea mate piano ile hata Vidole mwenyewe akiwa hai. Alimbana kwa maswali, jamaa akaapa kwa mama yake, lakini wapi, hakumwamini. Akabandika utepe kwenye kifuniko. Kesho yake utepe uko vilevile, vibonye vina joto, na chumba kizima kinanuka ile dawa ya kuchua ambayo Vidole alijipaka kabla ya kila onyesho, mkono wa kushoto tu.

Harufu ile ilimtoa machozi. Miaka ishirini na miwili walipiga jazi pamoja. Wapiga piano wengi wana kiherehere, mkono wa kushoto unashuka kumkanyaga mpiga besi wa watu. Vidole hakumkanyaga hata siku moja. Sauti za chini alimwachia peke yake, na zamu ya besi ilipofika aliukalia kabisa ule mkono, watazamaji wakacheka. Mpiga besi aliiita heshima, akampenda mwenzake kwa hilo kuliko ndugu.

Mchana huo alikwenda kwa mjane wa Vidole kumweleza mambo ya vibonye. Mjane alifunga kwanza mlango wa jikoni.

"Shemeji, ule mkono haukuwa wake," alinong'ona. "Ulianza siku aliyoinunua hiyo piano. Usiku nilikuwa naufunga kwa mkanda ndipo tulale. Siku zote ulikuwa unataka kushuka chini, kwenye sauti zako wewe, naye anauzuia. Ndicho kilichommaliza."

"Na sasa?"

"Si tulimzika nao? Nikajua yamekwisha."

Mpiga besi alipapasa mfuko mtupu, maana asubuhi ile ile alikuwa amempa ufunguo binti wa Vidole, mtoto wa pekee, ambaye yeye mwenyewe alimbembeleza apige piano kwenye onyesho la kumkumbuka baba yake.

Alitoka mbio bila kuaga, akapanda ngazi za jengo mbili mbili huku jua la saa nane likiwaka madirishani na watu ofisini wakipiga soga zao kama kawaida, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyousikia vizuri zaidi mkono wa kulia wa binti ukijikwaa, ukasita, ukanyamaza, na chini yake ule mwingine ukiendelea peke yake, mzito, wenye haraka, usiokosea.

Binti alikuwa ameketi, mkono wa kulia mapajani, uso umelowa.

"Baba mdogo," alisema polepole, "mimi nimeshaacha kupiga."

Mpiga besi aliukamata ule wa kushoto, akauvuta kwa nguvu zake zote. Ulikuwa wa moto, na haukutikisika. Vidole, mwanamume mzima, ulimshinda. Huyu wa miaka kumi na tisa angefika wapi? Mpiga besi aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, lakini mtoto alikuwa mtoto wa rafiki yake.

"Mwache," aliuambia. "Kama ni sauti za chini unazitaka, zangu hizi hapa. Njoo kwangu."

Mkono ulianguka mapajani, mlegevu, ukawa wa binti tena. Alimkumbatia, akamwambia aende kwa mama yake na asiiguse piano ile maisha yake yote. Binti alijifuta machozi, akashukuru, akafika mlangoni. Hapo akasimama kusikiliza, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

"Nzuri sana hiyo, baba mdogo. Ndiyo utakayompigia baba?"

Mpiga besi alikuwa akiutazama mkono wake wa kushoto ukipanda na kushuka kwenye shingo ya besi, ambayo hakukumbuka kuichukua.