Askari Aliyefutwa

Rafiki yangu Kibwana alikuwa akichapa picha za Vita vya Maji Maji dukani kwake Kibiti, zitundikwe shuleni. Katika moja, askari wa Mjerumani anachoma ghala la mtama, na wanawake waliokonda wanamtazama.

Bibi yake mzaa mama, Zamda, alimtambua askari kwa sikio lililokatika. "Babu yangu huyo. Mfute, mume wangu. Kijiji kizima cha Ngarambe kinajua alikunywa maji ya dawa akapigana na Mjerumani. Tutauweka wapi uso?"

Kibwana, kwa aibu, akamfuta kwenye kompyuta. Umeme ukakatika. Gizani akasikia mchi ukitwanga kwenye kinu kitupu, taratibu, karibu na kiti chake. Kwao huo ni mwiko. Ni kuita njaa.

Umeme uliporudi, akaifungua tena picha. Askari hakuwepo. Wanawake wote walikuwa wamegeuka, wanamtazama Kibwana.