Mkono wa Kushoto wa Mwalimu

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe bila kupigiwa kura, natangaza mbele ya umma kwamba mapenzi makuu kuliko yote yaliyowahi kutokea katika mji huu yalianza kwa harufu ya waridi, mwanga wa dhahabu, na macho mawili kukutana na mengine mawili.

Kusema kweli, yalianza kwa kinanda kumgonga fundi kwenye taya.

Ilikuwa saa sita mchana, ghorofa ya pili ya jengo la maduka ya simu, kwenye korido ambayo watu wawili wakipishana lazima mmoja avute tumbo ndani. Muuza dawa alikuwa amebeba kinanda begani, kimeviringishwa kwenye joho la kwaya la zambarau. Alivaa gauni jeusi la mikono mirefu, kama alivyovaa kwa miezi minne tangu mazishi, na viatu vya kazini vyenye soli laini. Mwenye duka mmoja akamwita amuuzie kava la simu. Akageuka. Kinanda nacho kikageuka. Fundi, aliyekuwa anatoka chumbani kwake na kikombe cha chai, akaipokea ncha yake sawasawa.

"Samahani, kaka. Nimekuumiza?"

"Bado sijajua, dada. Nasubiri meno yaitike moja moja."

Hakucheka. Ilikuwa miezi minne hajacheka. Lakini alimtazama vizuri: shati la mistari lililopigwa pasi, bisibisi tatu mfukoni mahali ambapo wengine huweka kalamu, chai ikimchuruzika kifuani. Akamuuliza kama anamjua fundi yeyote wa vinanda. Fundi akasema anamjua, ni huyu aliyemvunja taya sasa hivi.

Kinanda kilikuwa cha baba yake, marehemu Mwalimu wa kwaya. Mwalimu alitunga nyimbo za kanisa arobaini na kitu, na mmojawapo ulimzidi hata mwenyewe kwa umaarufu. Mwalimu alikuwa na pumu. Kabla ya mstari wa mwisho ilibidi asimame avute pumzi, kwaya ikamsubiri, na wakaurekodi hivyohivyo. Sasa hayupo, na kila anayeuimba wimbo ule husimama palepale: watoto wa shule, akina mama wa kikundi cha sala, wapishi jikoni, hata mlevi mmoja ninayemfahamu ambaye hasimami popote pengine. Kwaya za mbali ambazo hazikuwahi kumwona husimama pia. Wote wanadhani ni utaratibu mtakatifu. Mtu aliishiwa pumzi tu.

Wiki moja kabla ya kufa, Mwalimu aliucheza wimbo huo na kuuhifadhi ndani ya kinanda, kwenye namba saba. Mama wa nyumba alishatangulia zamani. Mtoto wa mwisho, msichana mwerevu, mcha Mungu na mwenye sura ya kupendeza, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo kila jioni saa moja, saa ambayo Mwalimu alikuwa akifanya mazoezi, muuza dawa alirudi kutoka dukani, akabonyeza namba saba, akaenda jikoni na kuacha mlango wazi kidogo. Ukiwa jikoni hukuweza kujua kama ni kinanda kinajicheza au ni mtu. Nyumba ilikuwa na watu wawili. Kisha, likizo iliyopita, kinanda kikagoma kuwaka, na nyumba ikabaki na mmoja.

"Sitaki kingine," alimwambia fundi. "Vitufe vyote vikifa, sawa. Nataka namba saba tu."

"Njoo kesho," fundi akasema.

Alikuja kesho, akaambiwa kesho. Akaja keshokutwa, akaambiwa kesho. Alifika saa kumi na moja na nusu baada ya kufunga hesabu za duka, koti lake jeupe mkononi, na mwisho wa wiki ya kwanza alikuwa ameshambatiza fundi jina la Fundi Kesho. Fundi naye alimwita Dokta, ingawa alielezwa mara kadhaa kwamba kuuza dawa si udaktari. Akaanza kumpigia simu kuomba ushauri. Jumatatu aliumwa goti, Jumanne sikio, Jumatano kitu kinachotembea kutoka goti kwenda sikio. Kufikia wiki ya tatu alikuwa ameugua kila kitu isipokuwa maradhi ya mimba. Muuza dawa alimsikiliza kwa makini kisha akamwambia anywe maji, alale mapema, aache uongo. Akikata simu alibaki ameishika, akiitazama mpaka mwanga wake uzimike.

Siku ya ishirini na mbili fundi alipiga simu isiyokuwa na ugonjwa.

Muuza dawa alimkuta amesimama, kinanda kimewaka juu ya meza. Fundi akabonyeza namba saba. Zikatoka besi na kodi, zile sauti za kusindikiza wimbo, taratibu, vilevile alivyozijua. Juu yake hapakuwa na kitu. Kinanda kile kilihifadhi kila mkono peke yake, na kila mkono ulikuwa na kitufe chake. Uliokuwa ukilia ni wa kushoto.

"Wa kulia nimeufuta," fundi akasema, macho yake kwenye bisibisi. "Nilikosea kitufe. Nisamehe."

Muuza dawa alisubiri mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatandaza joho, akakifunga kinanda polepole, kona baada ya kona, kama anayemfunga mtoto.

"Umenirudishia nusu ya baba," akasema, akakibeba.

Korido nzima ilimpisha. Usiku huo aliifunga namba ya fundi kwenye simu yake.

Miezi ikapita. Ikifika saa kumi na moja na nusu fundi alichungulia koridoni, akakuta watu wakivuta matumbo yao. Aliugua kikohozi cha kweli na hakuwa na wa kumpigia. Muuza dawa naye alibonyeza namba saba kila jioni, akasikia kodi zikipita chini bila wimbo, kama meza iliyotandikwa na mgeni asifike. Alikula amesimama. Akija mtu kununua dawa ya pumu, alimpa bila kumtazama usoni.

Mwaka wa kifo ulipotimia, kanisa liliomba Mwalimu mwenyewe apige kwa mkono wake wa kushoto, waumini waimbe juu yake. Muuza dawa akakaa kwenye kinanda, amevaa gauni la bluu kwa mara ya kwanza. Benchi la mwisho, karibu na mlango, alikaa mtu mwenye bisibisi tatu mfukoni.

Akabonyeza namba saba. Kidole gumba kikateleza, kikagusa kitufe cha pembeni, cha mkono wa kulia, na taa ndogo nyekundu ikawaka.

Mbwa wakaanza kubweka.

Vinanda vya namna ile vina sauti za mchezo, na mojawapo ni ya mbwa. Wimbo mpendwa wa Mwalimu ulibwekwa katika spika zote nne, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa ustadi usiopingika. Mchungaji alifumba macho. Muuza dawa aliganda. Ndipo wakafika pale kabla ya mstari wa mwisho, na mbwa wakanyamaza. Walisimama palepale. Kanisa zima likasimama nao, kwa mazoea.

Katika kimya kile mtu alicheka. Alikuwa muuza dawa. Alicheka mpaka akaegemea kinanda, machozi yakimtoka, na waumini wakauimba mstari wa mwisho mabega yakiwatikisika.

Baada ya ibada alimkuta fundi nyuma ya kanisa. Akamwambia kwamba katika ukoo wao ni mtu mmoja tu anayeweza kumgeuza Mwalimu kuwa mbwa. Fundi akakubali yaishe. Siku ya kwanza tu alikuta waya umekatwa kwa mkasi wa kucha, na mbwa wamekalia mkono wa kulia. Wiki tatu alijaribu kuurudisha, akashindwa. Kisha msichana mmoja akampigia kwa simu ya matroni wa bweni, analia, akimwomba aseme ni yeye.

"Kwa nini basi hukuwafuta hao mbwa?"

"Walisimama pale pa Mwalimu. Nikashindwa. Nikawazima tu."

"Na ukaamua nikuchukie."

"Niliona unaweza kuishi bila fundi. Bila mdogo wako, hapana."

"Nani alikuambia naweza?"

Muuza dawa akamnyoosha kola, ambayo haikuwa imepinda.

"Njoo nyumbani kesho," akasema. "Kesho ya kweli, si ya kwako."

Mtauliza nimeyajuaje yote haya. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya tangi la maji, na dada alilizunguka akanishika sikio.

Basi nakiri. Yule msichana mwerevu, mcha Mungu na mwenye sura ya kupendeza ni mimi, na hizo sifa nimejipa mwenyewe. Likizo ile nilimkuta dada anakula amesimama. Nikataka acheke. Nikaucheza wimbo wa baba kwa mbwa na kuurekodi, ausikie akirudi, bila kujua nimeurekodi juu ya mkono wa kulia wa baba. Nilipojua, nikakata waya ili dada asisikie. Namba ya fundi niliiiba kwenye simu ya dada siku ya wazazi, alipokuja kunitembelea akanisimulia habari za goti na sikio. Yaliyofuata niliyalilia chini ya blanketi la shule, kwa sababu mkono ule wa baba ulikuwa wangu pia, na sikuwa na wa kumwambia.

Adhabu yangu ni hii: likizo zote, saa moja jioni, naupiga mkono wa kulia bila mbwa, huku dada na Fundi Kesho wakibishana jikoni. Nakosea sana, na mkono wa baba haunisubiri. Hauwezi. Unasubiri mahali pamoja tu, kabla ya mstari wa mwisho. Hapo nami nainua vidole, tunasubiri pamoja. Na nakiri kwamba siku nyingine nachelewa kuvishusha makusudi.